Dalali wa Viungo: Sinema ya Kutisha Iliyoimbwa, na Mumiani wa Uluguru

Aghalabu kurasa hizi huwa za tungo za visiwani na za mwambao, nasi tulio bara, chini ya mlima, huzisoma kwa wivu mwema. Leo naomba radhi ya mhariri na subira ya msomaji nizungumzie kitu ambacho si shairi wala si cha kwetu: sinema ya Kimarekani ya kutisha, yenye damu kupita kiasi, ambayo wahusika wake hawasemi bali huimba, tangu mwanzo hadi mwisho. Inaitwa Repo! The Genetic Opera. Lau ningeachiwa hiari yangu nisingeitazama. Aliyenitia humo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Kwetu Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mpwa ana haki juu ya mjomba ambayo hata mwanangu wa kuzaa hana. Aliposema, "Mjomba, nitafsirie nyimbo hizi," sikuwa na mlango wa kutokea.

Tuliitazama chumbani kwake, Mwembesongo, usiku wa masika, ukungu umeushukia mlima hata Lupanga haionekani, na umeme ukikatika kila baada ya nusu saa. Walikuwapo vijana wenzake watatu. Nilichokiona kwanza si sinema bali wao: walizijua nyimbo zote kwa moyo, hata wasizozielewa maana. Mhusika akiinua mkono, nao wakainua. Akianza ubeti, wakamtangulia. Nilidhani nimeingia katika kikundi cha kwaya chenye imani nisiyoijua.

Kisa ni hiki. Mwaka ni 2056. Maradhi ya kuharibika viungo yamewaua watu kwa mamilioni, ikazuka kampuni moja, GeneCo, inayouza figo, maini, mioyo na macho kwa mkopo. Mwenye kushindwa kulipa hutumiwa mtu usiku, naye humpasua na kukichukua kiungo cha kampuni, na sheria inamruhusu. Mtu huyo, Nathan, ni daktari mjane, na mchana ni baba mpole wa msichana wa miaka 17, Shilo, aliyefungiwa ndani kwa kuwa eti damu yake ina ugonjwa aliourithi kwa mama. Mwisho tunajua kwamba ugonjwa ni baba mwenyewe: dawa anazompa ndizo zinazomdhoofisha, ili asitoke asipotee. Juu yao wote amekaa tajiri wa kampuni, Rotti Largo, mzee anayekaribia kufa na asiyemwamini hata mmoja wa wanawe watatu. Yuko mwimbaji mashuhuri, Mag, aliyezaliwa kipofu akapewa macho na kampuni, na kwa macho hayo amekuwa mtumwa wa jukwaa lake. Yuko pia mwizi wa makaburi, ambaye ndiye msimulizi, akifyonza kutoka kwenye maiti dawa ya kuondoa maumivu na kuiuza vichochoroni.

Walioitunga ni Terrance Zdunich, ambaye ndiye anayecheza mwizi wa makaburi, na Darren Smith. Kabla ya kuwa sinema ilikuwa mchezo wa jukwaani, na kabla ya hapo kipande kifupi tu juu ya mtu mwenye deni. Mwongozaji ni Darren Lynn Bousman, aliyekwisha kujipatia jina kwa sinema za Saw, ambazo sikuzitazama na sitazitazama. Ilitolewa Novemba 2008 katika kumbi chache mno, wahakiki wengi wakaicheka, na mmoja wa waigizaji wake, Paris Hilton, akatunukiwa tuzo ya uigizaji mbaya kuliko wote. Fedha haikurudi. Watungaji wakaichukua wenyewe mji kwa mji, kama watu wa sarakasi. Taratibu ikajipatia watu wake: vijana waliovaa kama wahusika, wakiigiza mbele ya pazia huku sinema ikiendelea nyuma yao, kama walivyokuwa wakifanya wenzao kwa The Rocky Horror Picture Show ya mwaka 1975. Hadhira ya namna hii haitazami, hushiriki. Hilo halitamshangaza msomaji wa visiwani, aliyekwisha kuona watu wakinyanyuka vitini kumtunza mwimbaji wa taarab kwa sababu ubeti umemgusa mtu fulani aliyeketi safu ya tatu.

Wala si jambo geni kwetu kwamba kitisho kiimbwe. Katika hadithi alizozikusanya Edward Steere hapo Unguja na kuzichapisha mwaka 1870 imo ya Sultani Majnuni na paka wake. Paka anakula kuku, sultani ananyamaza, paka ni wake. Anakula mbuzi, ng'ombe, kisha watu. Sultani bado anasema paka ni wake, mpaka analiwa mwanawe ndipo anapokiri kwamba huyu si paka tena, huyu ni nunda. Kijana mdogo, yule anayedharauliwa, anakwenda kumwinda, na kila anaporudi na mnyama anamwimbia mama yake kumuuliza kama huyu ndiye, na mama anamjibu kwa wimbo kwamba siye. Ondoa wimbo, hadithi inakufa. Na kila mtoto wa pwani na wa bara ameisikia ile ya msichana aliyetiwa na zimwi ndani ya ngoma. Zimwi linazunguka kijiji kwa kijiji, linaipiga, ngoma inaimba kwa sauti ya ajabu, watu wanacheza na kulipa vyakula, hadi siku moja linafika kwa wazazi wake na mama anaitambua sauti. Nilipokuwa mdogo sehemu iliyonitisha si zimwi. Walionitisha ni wale watu wa vijiji vya kati waliocheza.

Nitarudi kwenye ngoma hiyo.

Sasa mumiani. Neno hili limetoka Uajemi na asili yake ni dawa nyeusi mfano wa lami, ya kutibu mivunjiko. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaieleza hivyo, kisha inaongeza kwamba wenyeji wengi wanaamini dawa hiyo ni damu ya binadamu iliyokaushwa, na kwamba uvumi ukizuka watu hawatoki nje baada ya jua kuchwa. Nairobi na Kampala waliitwa wazimamoto. Kwetu Uluguru hofu hiyo iliwaangukia hata wamisionari, na Peter Pels, mtaalamu wa Kiholanzi, aliiandikia makala mwaka 1992. Marehemu bibi yangu, mzaa mama, wa upande wa Matombo, hakumsoma Pels. Alijua tu kwamba taa za gari zikionekana chini kwenye barabara ya bonde wakati wa magharibi, watoto wote huingizwa ndani na moto hufunikwa jivu. Nilimwuliza mara moja, damu hiyo huenda wapi? Akanijibu kwamba huenda kuwa dawa ya watu wengine.

Wasomi wamejadili kwa miaka kama hadithi hizi zilikuwa ujinga au hekima. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alizichukua kama ushahidi wa namna watu walivyoelewa ukoloni, na naona alifanya haki. Lakini kuna jambo dogo ambalo huwa linanichekesha kila nikilikumbuka: Wazungu wenyewe, kwa karne kadhaa, waliuza katika maduka yao ya dawa unga wa maiti zilizokaushwa za Misri, wakaunywa kwa imani kamili. Jina la unga huo lina shina moja na mumiani wetu. Kwa hiyo bibi yangu, aliyefunika moto kwa jivu, hakuwa mbali sana na daftari la mfamasia.

Ndipo nilipokaa na nyimbo za Repo! na kalamu, na shida ya kwanza ikawa jina. Neno la Kiingereza ni la yule anayetumwa na mwenye mali kuirudisha mali iliyokopwa isiyolipiwa. Niliandika "mkamataji", halina uzito. Niliandika "mfilisi", nikaona ni cheo cha ofisini. Mpwa wangu, ambaye hajawahi kutunga hata ubeti mmoja, akasema, "Mjomba, si dalali huyo?" Naam, dalali. Kila mtu wa Morogoro anajua maana ya kuambiwa kwamba dalali anakuja: pikipiki, makochi, jokofu, mabati. Anakuja na karatasi yenye muhuri, haoni haya, kwa sababu yeye hana ugomvi nawe, ametumwa. Utulivu huo wa aliyetumwa ndio Nathan anaouimba anapopasua watu, kwa sauti mbili, moja ya daktari na moja ya mnyama, na mwigizaji Anthony Head anazibadilisha ndani ya mstari mmoja. Dalali wa Viungo. Jina likakaa.

Kisha likaja la pili, na hili nilijiona mpumbavu kwa kutolikumbuka mapema. Mikopo ile ya mitaani, ya riba isiyo na mfano, inayokopeshwa asubuhi na kudaiwa jioni, ambayo akina mama wa sokoni wanaikimbilia na kuilaani, huitwaje nchini kwetu siku hizi? Kausha damu. Hakuna mshairi aliyelitunga jina hilo, limetoka vibarazani. Mumiani ni damu iliyokaushwa, na mkopo ni kausha damu. Lugha yenyewe imemfuata mnyonya damu kutoka kwenye gari la bondeni hadi kwenye daftari la mkopeshaji, bila kumpoteza njiani.

Tena Kiswahili kimekwisha kuwa na nyama ya mtu katika hati ya deni. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare ya mfanyabiashara wa Venisi, mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Wapo waliomlaumu kwamba amepotosha jina. Mimi naliona jina hilo kuwa uhakiki kamili kwa maneno matatu: mfanyabiashara mmoja amekuwa mabepari wengi, wa kudai na wa kudaiwa pamoja. Katika tamthilia ile mdai anazuiwa kwa hila ya kisheria, kwamba hati imempa nyama lakini haikumpa tone la damu. GeneCo imejifunza somo hilo. Mikataba yake haina tundu.

Niseme sasa jambo lililonifanya niiandikie sinema hii badala ya kumrudishia mpwa wangu nyimbo zake na kwenda kulala. Mwaka 2014 mama yangu mdogo alifariki katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Deni la matibabu lilikuwa shilingi 640,000. Tukaambiwa maiti haitoki. Wanawake wa ukoo walikuwa wameshuka mlimani tangu alfajiri na kanga zao, wakiwa tayari kwa safari ya kurudi naye. Wakakaa chini nje ya lango la chumba cha maiti na kuanza kuimba. Waliimba nyimbo za msiba za kwetu, zile za kiitikio kirefu, na baina ya nyimbo waliingiza maneno yao wenyewe, wakimweleza marehemu kwa nini wamechelewa. Karani alifungua dirisha mara mbili akiwataka wanyamaze. Mara ya tatu alilifunga. Siku ya pili jioni wajomba tukapata fedha: kiasi kilitokana na kuuza mazao ya ndizi yaliyokuwa shambani, na kiasi tulikikopa kwa mtu wa mtaani. Tulimzika usiku kwa taa za karabai. Ile ya mtaani tuliilipa kwa miaka miwili.

Basi niliposikia vijana wakicheka mbele ya sinema ya kampuni inayoshikilia mwili wa mtu kwa deni, sikucheka. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, umeogopa?" Nikamwambia sikuogopa, nimekumbuka. Akazima, ingawa wimbo ulikuwa katikati. Yeye alikuwa na miaka 9 siku ile langoni, alibebwa mgongoni na mama yake.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya sinema hii si ya mtu aliyekaa mbali, na msomaji aipunguzie uzito anaouona unafaa. Muziki wake ni wa magitaa na mashine, mzito, na mwingi kupita haja. Nusu ya nyimbo zingeondolewa na hakuna ambaye angezitafuta. Vina vyake ni vya mkato, mara nyingi vimelazimishwa, na mtunzi wa shairi la Kiswahili angeviona ni guni. Wana wawili wa kiume wa Largo, mmoja mwenye hasira na mmoja anayevaa nyuso za wanawake, ni mzaha uliokaa mahali ambapo palihitajika watu. Lakini wimbo wa mwizi wa makaburi na wateja wake ni hodari kweli: yeye anatia, wao wanaitikia, bidhaa inasifiwa, bei inafichwa. Ni mnada wa mitumba wa Morogoro, ukibadilisha bidhaa tu. Huo niliutafsiri kwa siku moja.

Kasoro kubwa iko kwingine. Katika sinema hii wauzaji wanaimba, mwenye kampuni anaimba, dalali anaimba vizuri kuliko wote. Wadaiwa hawaimbi. Tunawaona wakikimbia, wakifungwa mezani, wakipasuliwa, wanapiga ukelele na wamekwisha. Hatuambiwi majina yao wala walikopa figo hiyo ili wamlee nani. Hapa ndipo hadithi ya zimwi inapoizidi sinema ya mamilioni ya dola. Katika ngoma ya zimwi anayeimba ni aliyefungiwa ndani. Zimwi halina wimbo, lina kipigo tu, wimbo ni wa msichana, na wimbo huo ndio unaomfikisha kwa mama yake. Watungaji wa Repo! walikuwa na ngoma, wakasahau kumtia msichana.

Isipokuwa mara moja. Mag, yule mwimbaji wa macho ya mkopo, ni mdaiwa. Sarah Brightman anamwimba, na yeye ni mwimbaji wa kweli, si mwigizaji anayejaribu. Katika onyesho la mwisho anasimama jukwaani mbele ya umma na mbele ya mwenye kampuni, anaimba wimbo wake wa kuaga, kisha anayang'oa macho yale kwa mikono yake mwenyewe. Kamba inayomshikilia inakatwa, anaanguka na kufa. Deni limelipwa na mdai ameaibika. Kwa dakika hizo chache sinema inaacha kuwa ya kutisha kwa damu na inakuwa ya kutisha kwa haki. Nimeitazama sehemu hiyo mara tano. Ukumbi ndani ya sinema unapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya mchezo, nami nikawakumbuka wale watu wa vijiji vya kati waliocheza ngoma.

Yaliyofuata ni ya haraka. Msichana anakataa kumwua babaye, baba anapigwa risasi, tajiri anakufa, kampuni inarithiwa na binti yake Amber, ambaye uso wake wa bandia umeanguka mbele ya watu, na uso huo baadaye unapigwa mnada. Yupo atakayeuona mwisho huo dhaifu kwa kuwa hakuna kinachobadilika. Mimi naona ni sehemu ya kweli kabisa. Nunda alipouawa katika kitabu cha Steere nchi ilipumzika. Kampuni haina shingo ya kukatwa.

Liko swali alilolileta rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu, nilipomsomea tafsiri. Alisema nina haki gani ya kuchezea viungo vya watu kwa wimbo, katika nchi ambayo miaka ya 2007 na 2008, wakati Wamarekani hao wakipiga picha zao, ndugu zetu wenye ualbino walikuwa wakiuawa Kanda ya Ziwa ili viungo vyao viuzwe? Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia bungeni kwa ajili hiyo. Sikuwa na jibu la kumridhisha, na bado sina lote. Nilimwambia kwamba soko lile nalo lilikuwa na madalali, na kwamba Kiswahili kiliwahi kuwatungia mumiani nyimbo na hadithi za kuwazuia watoto wasitoke usiku, bali kwa hawa hatukutunga kitu cha kutosha. Akasema hiyo si sababu ya kutafsiri upuuzi. Pengine. Lakini aliniomba nimsomee tena sehemu ya Mag.

Kuhusu fani, kwa wale wanaopenda kujua. Nilijaribu kwanza shairi la mizani kumi na sita, vina kati na mwisho, na likagoma: dalali anapopasua mtu hana wasaa wa kina cha kati. Utenzi wa mizani nane ulimfaa msimulizi. Wimbo wa Nathan niliuacha uende kwa mistari mirefu na mifupi isiyofungwa na vina, na wenye kushika bakora za arudhi watanisamehe au hawatanisamehe. Wakalimani wa vibanda vya video, kama Lufufu wa Dar es Salaam, wamezoea kuzungumza juu ya sauti ya sinema na kuwaeleza watazamaji kinachotendeka. Mbinu yao ni nzuri kwa mapigano. Kwa sinema iliyoimbwa yote wangeizika.

Wimbo wa Mag ndio uliobaki. Nimeuanza mara nne. Mara ya nne niliuweka kwenye mahadhi ya nyimbo zile za langoni, kiitikio kirefu na maneno machache, nikampelekea dada yangu ausome kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akianzisha siku ile. Aliusoma kimya, akasema mstari wa pili hauimbiki, kwamba hapo watu hawana pumzi tena na inabidi neno liwe fupi. Nimelitoa neno lile. Lingine sijalipata.